Kyaw Thu wa Myanmar: aliiacha filamu, au filamu ndiyo iliyomwacha?

#1 Ngalawa
Wakuu, heshima kwenu. Kwenye uzi wa wasanii na siasa mtu aliandika kwamba Kyaw Thu "alichoka kuigiza akaenda kubeba maiti". Maneno hayo yamenikaa vibaya, nikaona hoja ipewe uzi wake.

Kwa wasiomfuatilia: kazaliwa 1959, filamu zaidi ya 200, Tuzo za Akademi za Myanmar mbili, ya uigizaji mwaka 1994 na nyingine baadaye ya uongozaji. Mwaka 2001 yeye na mwongozaji mkongwe Thukha wakaanzisha huduma ya mazishi ya bure mjini Yangon. Septemba 2007 akawapa chakula na maji watawa wa Kibudha waliokuwa wakiandamana. Oktoba akakamatwa pamoja na mkewe, wakaachiwa baada ya siku chache. Baada ya hapo akapigwa marufuku kuigiza, marufuku kuongoza.

Swali: kazi yake ilikatwa na utawala wa kijeshi, au aliikata mwenyewe akijua anachofanya? Naomba hoja.

#2 Kamanda Mtulivu
Aliikata mwenyewe. Nchi ile ilikuwa imeshikwa na jeshi tangu 1962, si siri. Bw. Thu alijua kila filamu inapita kwenye bodi ya ukaguzi, alijua nani ana muhuri. Unamlisha mtawa mbele ya kamera za dunia nzima, halafu ukinyimwa kibali unashangaa nini?

Na tusitishane na hizo filamu 200. Nyingi ni video za kurekodi haraka haraka na kuuza. Ukizitoa hizo, hasara kwa sanaa ni ndogo kuliko mnavyoifanya.

#3 Bint Mwembe
Kamanda, hakuna mtu anayeitwa Bw. Thu. Wabama, yaani watu wa Myanmar, hawana jina la ukoo. Kyaw Thu ni jina moja lenye vipande viwili, huwezi kuchomoa kipande cha nyuma ukakifanya jina la baba. Mtu mzima anaitwa U Kyaw Thu. Rika lake humwita Ko Kyaw Thu. Kijana angeitwa Maung. Mwanamke ni Daw, akiwa mdogo ni Ma. Ndiyo maana mkewe anaitwa Myint Myint Khin Pe, hakuna "Thu" wala "Kyaw" ndani yake, na watu wengi wanamjua zaidi kwa jina la Shwe Zee Kwet. Anayeandika kuhusu msanii aanze kwa kumwita vizuri.

#4 Fundi Projekta
"Video za kurekodi haraka haraka." Hapa nakataa, na nitakataa kwa hesabu.

Tuzo za Akademi za Myanmar zimekuwepo tangu 1952, na hazikuwa zikipewa filamu za video. Filamu ilibidi iwe imeonyeshwa kwenye jumba la sinema. Kwa hiyo tuzo zote mbili za U Kyaw Thu zimetoka kwenye mkanda wa milimita 35, na mkanda hauna haraka haraka.

Kamera ya 35 inapitisha picha 24 kwa sekunde, sawa na mita 27 na kitu kwa dakika. Kopo la mita 305 linakupa dakika 11. Filamu ya saa mbili inakula kama mita 3,300 ikishakatwa na kuunganishwa. Ukijipa nafasi ya kurudia kila tukio mara tatu tu, na hiyo ni kubana sana, unahitaji karibu mita 9,900. Ni makopo 33 ya mkanda mbichi, na yote yanaagizwa nje kwa fedha za kigeni, ambazo Burma ya wakati ule ilikuwa nazo kiduchu. Ndiyo maana filamu za nyeusi na nyeupe ziliendelea kule mpaka miaka ya 1980, wakati majirani wameshahamia kwenye rangi kitambo.

Maana yake kwa mwigizaji ni nini? Ukikosea mstari, dakika mbili za mkanda zimekwenda na hazifutiki. Unafanya mazoezi na kamera imezimwa, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka mwongozaji aridhike, ndipo inawashwa. Aliyekulia kwenye utaratibu huo ana nidhamu ya mwili ambayo mtu wa kanda ya video haijui.

#5 Sanda Nyeupe
Mtoa mada, mimi nataka nishike lile neno "kubeba maiti", maana ndilo lililotumika kama tusi na ndipo penye uzito.

Kule anayegusa maiti kwa kazi huitwa sandala. Ni neno la kudharau kabisa: mtu wa chini, mwenye mkosi, ambaye hupendi akae karibu nawe kwenye karamu. Sasa chukua steringi, sura inayobandikwa ukutani, mpe maiti iliyolala ndani ya jeneza ainyanyue begani, awe sandala. Alivunja mwiko ambao haumo kwenye sheria yoyote ya jeshi, umo ndani ya vichwa vya watazamaji wake mwenyewe.

Na msidhani ni suala la jeneza tu. Kwa desturi ya Wabama, aliyefia nje ya kijiji au nje ya nyumba harudishwi ndani. Fikiria mgonjwa aliyetoka mbali akafia hospitali ya Yangon. Haendi nyumbani kwanza. Anatoka chumba cha maiti moja kwa moja hadi makaburini, Yayway kaskazini mwa mji au Hteinbin upande wa Hlaing Tharyar. Familia haina sebule ya kumlaza wala majirani wa kumbeba kwa miguu. Wanahitaji gari, jeneza, watu wa kunyanyua na ada ya kuchoma, vyote siku hiyohiyo au ya pili yake, kwa sababu joto la Aprili halisubiri. Maskini anakwama hapo. Kisa kinachosimuliwa cha kuanzishwa kwa ile huduma ndicho hicho: Thukha amelazwa, mzee wa miaka tisini, mgonjwa mwenzake bibi mmoja anaachwa na ndugu zake kwa kuwa hawana cha kumzikia.

#6 Kamanda Mtulivu
Fundi, hesabu nzuri, lakini umejibu nisichosema. Sikusema mkanda ni rahisi. Nimesema nyingi kati ya zile 200 ni video. Unabisha?

Bint, U Kyaw Thu. Nimerekebisha.

#7 Chekecheo
Mbona mnasahau alihukumiwa miaka 59? Mtu aliyepewa miaka 59 jela unamwuliza kama aliacha filamu?

#8 Bint Mwembe
Chekecheo, huyo ni Zarganar, mchekeshaji, tena daktari wa meno kwa kusomea. Wawili hao walikuwa pamoja kwenye kuwapelekea watawa chakula 2007, ndiyo maana watu huwachanganya. Zarganar alikamatwa tena Juni 2008 baada ya kimbunga Nargis, kwa kuratibu misaada na kuzungumza na vyombo vya nje. Akapewa miaka 59, ikapunguzwa ikawa 35, akatoka Oktoba 2011. U Kyaw Thu alishikiliwa siku chache tu, mwaka 2007. Adhabu yake ilikuwa ya aina nyingine: waliichukua kazi wakamwacha mtu.

#9 Chekecheo
Sawa, nimechanganya. Lakini hoja inabaki ileile.

#10 Shuwari
Hapana, haibaki ileile, dada Bint kaigusa pazuri na hakuna aliyemsikia. "Waliichukua kazi wakamwacha mtu." Hebu tuseme marufuku hiyo inavyofanya kazi, maana Kamanda anaongea kama vile askari alisimama mlangoni mwa studio.

Askari hahitajiki. Mtayarishaji anapeleka muswada bodini kabla ya kupiga picha hata moja. Ukipita, anatafuta pesa, anapiga picha, anaunganisha, kisha filamu iliyokamilika inarudi bodini kuangaliwa tena. Bila cheti cha mwisho haionyeshwi popote. Sasa mweke steringi aliyepigwa marufuku ndani ya filamu hiyo. Hata bodi isiposema neno mwanzoni, mtayarishaji anajua cheti kinaweza kukataliwa mwishoni, wakati pesa yote imeshatumika. Mhusika mdogo unaweza kumkata kwenye mashine ya kuunganishia. Steringi yumo kwenye kila tukio, ukimtoa huna filamu. Kwa hiyo anayeogopa ni mwenye mtaji, naye ndiye anayelifanyia jeshi kazi yake bila kulipwa. Simu zinaacha kuita, hakuna barua, hakuna wa kumshitaki.

Kwa mfumo huo, kusema "aliikata mwenyewe" ni kumbebesha mtu mmoja mzigo wa mashine nzima.

#11 Kamanda Mtulivu
Mashine aliijua. Wewe mwenyewe umeieleza vizuri, naye aliishi ndani yake miaka zaidi ya ishirini. Mtu anayejua mto una mamba akaoga, hatuandiki kwamba mto ndio wenye makosa.

#12 Sanda Nyeupe
Kamanda, mfano huo ungekuwa sawa kama aliingia kuoga. Aliingia kumtoa mtu mtoni.

#13 Bint Mwembe
Tena muielewe maana ya kumlisha mtawa siku zile. Agosti 15 serikali ilipandisha bei ya mafuta, dizeli ikawa mara mbili, gesi ya magari mara tano. Septemba watawa walipigwa Pakokku, wakadai waombwe radhi, hawakuombwa. Wakapindua mabakuli. Kupindua bakuli ni hukumu ya kidini: mtawa anakataa sadaka ya mtu fulani, na yule mtu anakosa njia ya kupata thawabu. Safari hii aliyekataliwa ni majenerali na familia zao. Katikati ya hapo U Kyaw Thu na wenzake wanaweka chakula kwenye mabakuli yaleyale, nacho kinapokelewa hadharani. Hakuhitaji kutoa hotuba. Kila Mbama aliyeona alisoma ujumbe: sadaka ya mwigizaji imekubaliwa, ya jenerali imekataliwa.

Kwa hiyo hapo nakubaliana na Kamanda kwa nusu. Hakuwa mtu aliyeteleza. Alijua uzito wa wali ule.

#14 Fundi Projekta
Kamanda, umeniuliza #6 kama nabisha kwamba nyingi ni video. Sibishi idadi. Nabisha neno "hasara ndogo".

Video ilishika Myanmar kuanzia miaka ya 1990 kwa sababu zilezile za makopo 33. Kanda ya video unairekodi, unairudisha, unafuta, unarekodi tena. Hakuna maabara ya kuosha, hakuna nakala ya kuonyeshea. Mwaka mmoja jumba la sinema linapata filamu chache za kuhesabika, huku video zinatoka kwa mamia. Mwigizaji anayekataa video anakaa bila kazi miezi. Haikuwa tamaa, ndipo sanaa ilipohamia. Vijijini watu hawakuwa na jumba la sinema, walikuwa na banda la video lenye jenereta na televisheni moja, kama vibanda umiza vya kwetu. Wengi waliomjua U Kyaw Thu walimjulia humo.

#15 Kamanda Mtulivu
Banda la jenereta linathibitisha umaarufu. Ubora halithibitishi. Kwenye video hizo taa moja kali usoni, kivuli cheusi ukutani nyuma, sauti ina mwangwi wa chumba kitupu. Umezitazama?

#16 Fundi Projekta
Nimezitazama, na kila ulichotaja kina sababu.

Mwangwi: kinasa sauti kipo juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa mwigizaji, chumba kina sakafu ya saruji na kuta tupu. Dawa yake ni kinasa cha kifuani au cha kuning'iniza kwenye fimbo karibu na kichwa, na blanketi mbili nyuma ya kamera. Kivuli: mwigizaji kasimama nusu mita kutoka ukutani kwa sababu chumba ni kidogo, na taa iko sawa na macho. Mtoe mita mbili mbele, pandisha taa, kivuli kinashuka chini ya fremu. Haya ni makosa ya bajeti na ya nafasi. Mwigizaji hayawezi kuyarekebisha hata awe nani.

Na usidhani mkanda ulikuwa na sauti safi ya kuzaliwa. Kamera ya 35 isiyovalishwa koti la kuzuia kelele inapiga tratratratra, kucha inavuta picha mara 24 kila sekunde. Kwa hiyo filamu nyingi zilipigwa kimya na sauti ikaingizwa baadaye chumbani. Mwigizaji anasimama mbele ya kitambaa, kipande kilekile kinazungushwa tena na tena, naye anajirudia midomo yake mwenyewe ya wiki nyingi zilizopita. Akichelewa kwa picha mbili tu, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde, jicho la mtazamaji linaanza kusumbuka. Akilia kwenye picha, alie tena chumbani bila machozi na bila mwenzake. Huko ndiko mwigizaji wa kweli anajulikana.

#17 Mjukuu wa Keya
Nasoma kimya ila kuna watu humu wanaandika Burma, wengine Myanmar, wengine Wabama. Mkubaliane.

#18 Bint Mwembe
Utawala wa kijeshi ulibadilisha jina la Kiingereza mwaka 1989. Kwa Kibama chenyewe yote mawili ni ya kale: Myanma ni la maandishi na la rasmi, Bama ni la mdomoni. Tena wasomaji wa Kiswahili tuna njia yetu ya kulifikia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw mwaka 1944 mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin, na neno Burma likitamkwa na Mwingereza, sikio la askari wa keya (King's African Rifles) linasikia Bama. Walirudi nalo hivyo. Bila kujua walikuwa karibu na mdomo wa mwenye nchi kuliko ramani.

#19 Mjukuu wa Keya
Hapo umenipa kitu. Soko la Burma la Nairobi pale Jogoo Road nalo nalisoma kwa sikio jipya sasa.

#20 Kamanda Mtulivu
Turudi. Wasanii wa leo wa kule wamejifunza kutokana na yake, wanakaa kimya, wanafanya kazi.

#21 Shuwari
Kamanda, hapa umeandika bila kuangalia. Baada ya mapinduzi ya Februari 1, 2021, televisheni ya taifa ilikuwa ikisoma majina ya wasanii wanaosakwa kwa kifungu cha 505(a), kile cha uchochezi, orodha baada ya orodha, na picha zao. Paing Takhon, mwanamitindo na mwigizaji, alichukuliwa Aprili 8 mwaka ule, Desemba akapewa miaka mitatu na kazi ngumu. Pyay Ti Oo na mkewe Eaindra Kyaw Zin, nyota wawili wakubwa kabisa wa sinema ile, walikamatwa Aprili hiyohiyo. Kimya kipi?

Walichojifunza kutoka kwa U Kyaw Thu ni kwamba mwigizaji anaweza kupoteza kibali na bado akabaki mtu wa watu.

#22 Kamanda Mtulivu
Nafuta neno "kimya". Orodha zile nazikumbuka.

Lakini mbona hakuna anayetaka kusema jambo moja: kubaki mtu wa watu si kubaki mwigizaji. Umri wa miaka 48 hadi 60 ndio ambao mwigizaji mwanamume anapata nafasi za baba, hakimu, mzee wa kijiji, nafasi nzito kuliko zote. Hizo hakuzipata. Mimi hilo linaniuma, na ndiyo maana nasema aliikata. Angenyamaza siku moja, tungekuwa na kazi ya miaka kumi na tano zaidi. Nyie mnasherehekea majeneza, mimi nawasikitikia watazamaji.

#23 Sanda Nyeupe
Kamanda, sasa unaongea kitu ambacho naweza kukiheshimu. Ungeanza nacho.

Ila usiite kusherehekea majeneza. Kwa miaka kumi na kitu ya mwanzo mazishi yale ya bure yalivuka laki moja, ya watu wa dini zote. Weka kwa kila mazishi gari, jeneza, watu wanne au sita wa kunyanyua, karatasi za kifo, nafasi ya tanuri. Siku ya saba familia inalisha watawa. Maskini ambaye hakukopa kwa ajili ya jeneza anabaki na kitu cha kupikia siku hiyo. Wako waliomtia marehemu sarafu mdomoni kama nauli ya kivuko, desturi ya zamani, na hawakuwa na nauli ya gari la kumfikisha makaburini. Hilo nalo ni kazi, na mikono iliyoifanya ni ileile unayoililia.

Na jambo la mwisho kwa hoja yako: alianza mazishi 2001, tuzo ya uongozaji akaipata baada ya hapo. Miaka sita alibeba majeneza na kufanya filamu pamoja. Majeneza hayakumtoa kwenye filamu. Marufuku ndiyo iliyomtoa.

#24 Ngalawa
Hii ya Sanda ndiyo hoja niliyoitafuta tangu mwanzo. Mpangilio wa miaka unatosha kujibu lile neno "alichoka kuigiza".

#25 Chekecheo
Swali kwa Fundi. Hizo filamu zake zipo bado? Maana mnabishania kazi ambayo labda hata haionekani.

#26 Fundi Projekta
Ndugu yangu, hili swali lina uchungu kuliko lile la uzi.

Yangon inapata mvua karibu milimita 2,700 kwa mwaka, karibu yote kati ya Mei na Oktoba. Mkanda wa asetati ukikaa kwenye kopo lililofungwa, unyevu ukapanda na joto likakaa nyuzi 30, unaanza kujila wenyewe: unatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inaharakisha kuoza kwa mita inayofuata. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, umeshachelewa nusu. Mkanda unasinyaa, ukisinyaa zaidi ya asilimia moja, matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya projekta, ukiulazimisha unachanika. Juu yake kuvu inakula tabaka la jelatini lenye picha, inaacha alama kama mizizi.

Filamu ya kwanza ya kubuni ya Burma ilionyeshwa Oktoba 13, 1920, jumba la Royal, ikaongozwa na Ohn Maung, na mwigizaji wake Nyi Pu ndiye wa kwanza kuitwa mwigizaji wa sinema nchini mle. Huwezi kuitazama leo. Ya kale zaidi iliyobaki ni Mya Ga Naing ya 1934, ya Tin Maung, mdogo wake Nyi Pu, na hiyo imeokolewa na kusafishwa Italia ikarudi Yangon 2016. Kuokoa ni kazi ya mkono kabla ya kompyuta: kukagua mita kwa mita, kushona matundu yaliyochanika kwa utepe, kuosha, kuskani picha moja moja. Saa mbili za filamu ni picha 172,800. Kompyuta inafuta mikwaruzo, lakini picha iliyoliwa na kuvu haina cha kurudishwa.

Za miaka ya 1980 na 1990 ziko katikati: mpya mno kuitwa urithi, kuukuu mno kujitunza zenyewe. Ndimo ilimo kazi yake.

#27 Kamanda Mtulivu
Na video je? Nimezidharau, lakini nazo zina njia ya kupotea.

#28 Fundi Projekta
Zinapotea haraka zaidi. Kanda ya sumaku ikipata unyevu, gundi inayoshika unga wa sumaku inalainika na kunata, kichwa cha mashine kinaziba ndani ya dakika mbili, picha inaingia theluji. Usiendelee kucheza, unakwangua picha yenyewe. Toa, safisha kichwa, kausha kanda kwanza.

Nyingi zilitoka kwenye VCD, na hizi watu wengi wanazo majumbani, Yangon na kwa Wabama waliohama. VCD moja inabeba dakika 74 hadi 80, kwa hiyo filamu ni diski mbili. Ya pili ndiyo hupotea, na mwisho wa hadithi unakwenda nayo. Ukitaka kuinakili, usivute tu faili la AVSEQ01 kutoka kwenye folda ya MPEGAV. Sekta za picha za VCD hazina lile tabaka la mwisho la kurekebisha makosa ambalo diski ya data inalo, hivyo mkwaruzo mdogo unasimamisha kunakili katikati. Tumia programu inayosoma sekta ghafi, iambie iruke zisizosomeka na irudie kwa kasi ndogo. Kupoteza picha nusu sekunde ni bora kuliko kupoteza tukio zima.

#29 Ngalawa
Fundi, diski halisi na ya kuchoma mtaani unazitofautishaje kwa macho? Na ipi ianze kunakiliwa?

#30 Fundi Projekta
Geuza upande wa kusomea. Iliyopigwa chapa kiwandani ni ya fedha tupu. Ya kuchoma ina kivuli cha kijani au bluu, hiyo ni rangi inayohifadhi data, na inafifia kwa mwanga na joto. Anza na za bluu na kijani. Halafu angalia upande wa picha ya steringi: mkwaruzo wa huko ni mbaya kuliko wa chini, kwa sababu utando wa alumini uko chini ya wino moja kwa moja. Ukiishika kwenye taa ukaona mwanga unapenya vitundu, pale hapasomeki tena. Usibandike lebo ya gundi, usiandike kwa kalamu ya wino wa spiriti juu yake, na kila moja iwe na kasha lake, imesimama wima.

#31 Sanda Nyeupe
Na mtakaponakili, andikeni jina lake kamili kwenye faili. Kyaw Thu. Si Thu.